Hesabu ya Tumbili kwa Siku ya Kuchagua Wachezaji

Kwanza, mtoe shabiki chumbani. Nasema yule aliyemo ndani yako, anayemkumbuka mpigaji fulani kwa sababu ya usiku mmoja wa Septemba mpira ulipovuka uzio na uwanja mzima ukasimama. Mpe chai, akae sebuleni. Daniel Okrent na wenzake walianzisha ligi ya fantasi ya besiboli New York mwaka 1980, wakaiita kwa jina la mgahawa walimokuwa wakila, La Rôtisserie Française, na hadi leo mchezo huo unakwenda hivi: unachagua wachezaji halisi kabla ya msimu, kisha wanachokifanya uwanjani kinahesabiwa kwako. Hupati pointi hata moja ya mwaka jana.

Sasa chukua karatasi. Tom Tango alitunga njia ya kukadiria akaiita Marcel, jina la tumbili wa tamthilia ya Friends, akimaanisha kwamba ni hesabu nyepesi kiasi kwamba hata tumbili angeiweza. Usiidharau. Tuseme mpigaji wako amepiga homurani (mipira inayovuka uzio) 40 mwaka jana, 22 mwaka juzi na 19 mwaka uliotangulia, na miaka yote mitatu alisimama kupiga mara 600. Mwaka jana uzidishe kwa 5, mwaka juzi kwa 4, ule wa nyuma kwa 3. Jumlisha, gawa kwa 12. Unapata karibu 29.

Hapo wengi huweka kalamu chini, na hapo ndipo wanapokosea. Bahati imo ndani ya zile 40: upepo, viwanja vifupi, mipira iliyopita uzio kwa upana wa kiganja. Kwa hiyo mchanganye na mchezaji wa kawaida wa ligi: sehemu sita zake, sehemu moja ya ligi. Kama wa kawaida hupiga 18, mtu wako anashuka hadi 27. Kijana wa chini ya miaka 29 muongeze kidogo, aliyepita umri huo mpunguze kidogo. Mwenzako mezani atamchagua kama mpigaji wa homurani 40. Mwache.

Lakini 27 bado haijakwambia umchukue lini, na sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tuseme ligi yenu ya fantasi ina timu 12, kila moja mdakaji mmoja na wachezaji watano wa uwanja wa nje. Tafuta mdakaji wa 13 na mchezaji wa nje wa 61, yaani wale watakaobaki bila mwenyewe, unaoweza kuwaokota bure siku yoyote. Ikiwa huyo wa nje anakadiriwa homurani 18, mtu wako wa homurani 27, naye akiwa wa nje, anakupa 9 za ziada. Mdakaji wa homurani 20, wakati yule wa kuokotwa ana 10, anakupa 10. Mdakaji anatangulia! Nimewaona watu wazima wakikataa jambo hili huku hesabu iko mbele yao, kwa sababu tu 27 inaonekana kubwa kuliko 20.

Rudia hivyo kwa kila kipimo: vituo vilivyoibwa, mikimbio, wastani wa kupiga. Usijumlishe zikiwa mbichi, maana kituo kimoja kilichoibwa hakilingani na homurani moja. Kila ziada igawe kwanza kwa mtawanyiko wa kipimo chake, yaani jinsi wachezaji wanavyotofautiana katika kipimo hicho, ndipo ujumlishe. Kwa wastani wa kupiga, angalia pia amepiga mara ngapi. Wastani mzuri wa mtu wa akiba hauisogezi timu.

Warushaji nitawapitia haraka. Viwiko vyao huumia, na idadi ya ushindi wao inategemea wenzao wapige vizuri. Hesabu zaidi ni wapigaji wangapi wanawatoa kwa straiki tatu, na wangapi wanawapa kituo bure.

Jioni yenyewe ya kuchagua, orodha iwe karatasi moja, mafungu kwa nafasi, kalamu nyekundu mkononi. Jina likichukuliwa, lipige mstari. Kabla zamu yako haijafika, tazama kila fungu: wapi pengo kati ya jina la kwanza lililobaki na la pili ni kubwa kuliko kwingine? Taja hilo la kwanza, kwa sauti, kabla saa haijaisha.