Stelingi Hafi: Mhadhara Uliotolewa Kasense na Mtaalamu Pekee Aliyepo

Mheshimiwa mwenye kibanda, wazee wangu wa Kasense, vijana, na wewe ndugu uliyeingia kuchaji simu tu: tulieni. Anayezungumza nanyi ni mtaalamu. Shahada sina, kwa sababu chuo chenye ubavu wa kunitahini bado hakijajengwa.

Somo ni msimu wa kwanza wa Game of Thrones, sehemu 10, uliorushwa na HBO mwaka 2011, kisha ukafika kwenye flashi za Sumbawanga kwa njia ambazo mhadhara huu hautazichunguza. Ninyi mliuona mara moja mkajihesabu mmemaliza. Mara ya kwanza mtu hushangaa tu, jamani! Kutazama kwenyewe huanza ukishajua nani atakufa.

Sheria kuu ya kibanda umiza mnaijua tangu utotoni: stelingi hafi. Risasi humkwepa, na adui akimkamata huanza kumsimulia mipango badala ya kummaliza. Sasa Ned Stark, ambaye sura yake ndiyo iliyopamba bango, akakatwa kichwa sehemu ya 9. Watu walidai kiingilio chao. Mimi nilinyamaza kitaalamu.

Siri ninaitoa bure: Ned hakuwa stelingi. Rudisheni nyuma hadi sehemu ya kwanza. Ned anamkata kichwa mtoro wa kikosi cha Ukutani kwa upanga wake mkubwa. Upanga huohuo ndio uliokuja kumkata yeye. Punde Ned na wenzake wanamkuta mbwamwitu jike amekufa, kipande cha pembe ya kulungu kimemkwama shingoni. Nembo ya akina Stark ni mbwamwitu. Ya Mfalme Robert ni kulungu. Yaani msiba umeshatangazwa, ninyi bado mnagombea benchi! Isitoshe, mwigizaji ni Sean Bean, aliyekwishakufa katika GoldenEye mwaka 1995 na The Lord of the Rings mwaka 2001. Ukimwona jamaa huyo, anza kuchangisha rambirambi.

Na alijitakia. Mfalme yuko porini anawinda, yeye anamfuata malkia Cersei bustanini kumwambia kwamba anajua baba halisi wa watoto wake, eti akimbie kabla mume hajarudi. Mzee mzima! Mume akarudi kapasuliwa na nguruwe pori, akafa, na wosia wake malkia akauchana mbele za watu.

Hapo Mfipa hana jipya la kujifunza. Masimulizi yetu yanasema mtawala wa Milansi, hapa Ufipa, alikuwa mawindoni pale wanawake wageni, Watwa, walipoingia. Aliporudi, utawala ulishakwenda. Kizazi chao baadaye kikagawana nchi, Nkansi huku, Lyangalile kule. Kwa hiyo natamka, bila ushahidi wala haya, kwamba George R. R. Martin alipita Ufipa kabla ya kuchapisha kitabu chake mwaka 1996.

Kuhusu baridi, nitakuwa mfupi. Akina Stark wanaonyana kizazi hadi kizazi kwamba inakuja. Kwetu, mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, huja kila Juni. Tunavaa makoti tunaendelea na mahindi. Hatujaitungia kaulimbiu.

Kikwazo cha utafiti ni umeme. Kwa miaka mingi ulitoka Zambia, nao ulipenda kukatika upanga ukiwa hewani. Yupo mzee hapa anayeamini mpaka leo kwamba Ned alisamehewa. Msimwambie.

Uamuzi wangu, usiokatiwa rufaa: stelingi ni Daenerys, binti aliyeozwa na kaka yake ili kaka apate jeshi, akaingia motoni na mayai, akatoka na majoka matatu.

Maswali yanapokelewa, isipokuwa ya msimu wa 8. Na aliyeazima flashi yenye sehemu ya 10 airudishe kabla ya kesho jioni.