Namna ya Kuwa Bingwa wa Afrika Ukiwa Umesimama Kando ya Njia

Msimu mpya wa ubingwa wa Afrika wa mbio za magari unakaribia. Madereva wana mafundi, wafadhili na matairi. Mwongozo huu umeandikiwa mtu anayepanda kichuguu alfajiri, akala vumbi hadi jioni, ili kila gari limpitie kwa sekunde nne. Huyo naye ni mshindani, na ushindani wake una kanuni.

Kanuni iliyo juu ya zote ni kufika. Mashindano haya yalianza 1981, na wa kwanza kutwaa taji alikuwa Mkenya Shekhar Mehta, yule aliyeshinda mbio za Safari Rally mara tano. Tangu enzi hizo, kuwa na mguu mzito kwenye mafuta hakujawahi kutosha. Gari hupakiwa kwenye lori Nairobi, likavushwa mpakani kwenda Uganda. Halijapoa vizuri, linatakiwa Rwanda, kisha Tanzania, kisha Zambia. Kila mpaka una karatasi zake na kila raundi ina gharama zake, na dereva anayekosa raundi mbili huanza kupiga hesabu za msimu mwingine. Manvir Baryan alitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 2017 hadi 2019. Karan Patel alilibeba taji 2023, akalitetea 2024. Kasi walikuwa nayo, lakini walikuwa pia na nidhamu ya kujitokeza kila walipotakiwa na kurudi na gari lililo na magurudumu manne. Charlie Muhangi wa Uganda, bingwa wa 1999, naye alilazimika kupita njia hiyohiyo.

Basi nawe fika, tena mapema. Njia hufungwa muda mrefu kabla ya gari la kwanza kupita, na askari aliyepewa kamba hana habari na safari yako ndefu.

Pili, tafuta mwelekezi. Ndani ya gari, mwelekezi ndiye anayemsomea dereva kona moja baada ya nyingine kutoka kwenye daftari waliloliandika pamoja walipoipita njia ile polepole siku za mazoezi. Akiruka ukurasa, dereva amekuwa kipofu kwenye mwendo wa kilomita 150 kwa saa. Wewe chagua rafiki anayeweza kusoma ratiba bila kubishana nayo. Mfundishe sheria ya vituo vya muda: gari likichelewa kuingia, huongezewa adhabu ya sekunde 10 kwa kila dakika; likiwahi, huongezewa dakika nzima kwa kila dakika. Itumieni sheria hiyo kwenye safari yenu. Atakayewachelewesha asubuhi alipe soda za wote, na atakayewagongea mlango saa tisa usiku wakati mlikubaliana saa kumi alipe chakula cha mchana.

Sasa mahali pa kusimama, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Simama juu ya usawa wa barabara na nyuma yake, mahali ambapo gari likipoteza njia halitakufikia. Upande wa nje wa kona ni wa gari, hata kama kuna mti mzuri wenye kivuli. Usimfuate mwenye simu anayekimbilia katikati ya njia kupiga picha. Gari la sifuri likipita, ujue ni la kukagua njia. Mashindano yako nyuma yake, na kuanzia hapo barabara si yako tena hadi waandalizi waseme imefunguliwa. Mtoto ashikwe mkono. Ng'ombe afungwe.

Ukishasimama vizuri, jifunze kusoma njia. Dereva anayetangulia kwenye kokoto ndiye anayewafagilia wenzake. Wanaofuata hupata udongo mgumu unaoshika, lakini vumbi la aliye mbele likining'inia hewani bila upepo, hawaoni kitu. Pale Naivasha, kwenye mikondo kama Kedong, kuna vumbi laini kama unga linaloficha mawe na mashimo, na mvua ikinyesha kidogo tu, unga ule unakuwa matope ya kulaza gari chini. Mtu anayejua haya hufurahia sekunde zake nne kuliko anayejua tu kwamba gari lina turbo.

Tena usiondoke baada ya magari kumi. Mwaka 1963 Safari ilimalizwa na magari saba tu, na 1968 yakamaliza saba vilevile. Bert Shankland wa Tanzania alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo babu zetu walisafiria wakiwa na magunia juu. Historia yetu ya mbio ni historia ya kumaliza. Kwa hiyo yule kijana anayepita wa mwisho, na boneti imefungwa kwa kamba, mpigie makofi kwa nguvu zote. Naye anatafuta pointi, na huenda nyumba nzima imechangia mafuta yake.

Kosa letu kubwa tunaopenda mchezo huu ni kuuona siku moja tu, unapokuja kwetu. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, tulimiminika Naivasha, na ni haki yetu. Lakini taji la Afrika hutafutwa pia kwenye mashamba ya miwa ya Kakira, Uganda, kwenye udongo mwekundu wa Bugesera, Rwanda, na huko Morogoro, Tanzania. Wenyeji wa huko wanawajua madereva wetu kuliko sisi. Basi wafuateni huko. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda huvuka mipaka ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa. Mwingine achukue pasipoti mapema, na wote mbebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Kalenda ikitangazwa, chagua raundi moja nje ya nchi yako, na uombe likizo kabla mwenzako wa ofisini hajaomba tarehe zilezile.