Nimsomee Nini Huyu Mtoto?

Nikitoka kuchuma chai jioni kiuno kimekufa, ninachotaka ni kikombe cha moto na habari za redio. Siku hizi natwikwa mtoto. "Baba Chelangat, hebu msomee kidogo." Nimsomee! Mtoto mwenyewe hajajua hata kuketi.

Eti ndivyo kina mama walivyoambiwa kliniki. Mke wangu akaongezea ya kwenye simu: madaktari wa watoto Marekani, tangu 2014, huwahimiza wazazi wasome kwa sauti mtoto angali mchanga kabisa. Tena mtoto huanza kuisikia sauti ya mamake akiwa tumboni, na maneno anayoyasikia sasa ndiyo akiba ya kusema kesho. Mamangu, ambaye hapa nyumbani sote twamwita Kogo, alibisha. Yeye alitulea kwa hadithi za sungura jikoni, bila kitabu, na tukasema. Wengine tulisema hadi tukachapwa.

Haya, kitabu kiko wapi? Zunguka soko lote la Longisa: vitabu vya marudio ya mitihani, daftari, kalenda. Cha asiye na meno, hakuna. Ukikipata Bomet mjini, bei inakurudisha nyumbani mikono mitupu, maana Sheria ya VAT ya 2013 ilivitwisha vitabu kodi ya asilimia 16. Ningoje bonasi ya chai ya Oktoba?

Basi nasoma kilichopo. Nimemsomea gunia la mbolea, kwa mbali: NPK 26:5:5, kilo 50, weka mahali pakavu. Akatabasamu. Nikamsomea karatasi ya malipo ya majani: kilo za mwezi mzima, makato ya mbolea, makato ya sacco. Nilipofika kwenye salio alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Kogo akasema huyu ana akili.

Kinachoniudhi ni kwamba mamake amesema kweli. Nikisoma, macho hayabanduki mdomoni mwangu. Nikinyamaza, anajibu "agu, agu", halafu anatulia kungoja zamu yangu. Ni kama baraza la chifu: kila mtu anasema, hakuna anayeelewa, na hakuna anayetaka kuondoka.

Kwa hivyo nyinyi mnaopanga kuja kumwona mtoto, mkate na sukari tunavyo. Leteni kitabu chenye picha kubwa na kurasa ngumu, kwani tukimaliza ukurasa anautafuna. Atakayeleta cha Kikipsigis nitamchinjia kuku.