Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Kikokotoo cha Pensheni

Mheshimiwa Kikokotoo,

Mwakeye! Nakupigia makofi kwa adabu zote za Kiha. Shikamoo sikupi: ulizaliwa Julai 2022, umri wa chekechea, nami nimestaafu nikiwa na miaka 60, baada ya kufundisha Hisabati Kibondo na kumalizia Kasulu. Nduguyo wa 2018, yule wa mkupuo wa asilimia 25, hakumaliza mwaka. Rais Magufuli alimsimamisha Desemba.

Chaki haijanitoka vidoleni, kwa hiyo nimekukokotoa. Chukua mwalimu wa mshahara wa milioni 1 kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka, aliyetumikia miezi 360. Zidisha mshahara wa mwaka kwa miezi hiyo. Yule mzee uliyemrithi aligawa kwa 540, akazidisha kwa 15.5, akatoa nusu: mkupuo wa milioni 62. Wewe unagawa kwa 580, unazidisha kwa 12.5, na ulianza kwa kutoa asilimia 33: milioni 30.7. Mwaka 2024 ukaona haya kidogo, ukapanda hadi 40. Zikawa milioni 37.2.

Kuna watoto walinisumbua muhula mzima hawaelewi kwa nini 580 ni kubwa kuliko 540 ilhali 1/580 ni ndogo kuliko 1/540. Wewe hukuhitaji tuisheni.

Lakini nisikudhulumu. Pensheni ya mwezi ya huyo mwalimu imepanda, kutoka 333,333 hadi 372,414. Ongezeko ni 39,081, na pengo la mkupuo ni karibu milioni 24.8. Nikagawa. Pengo litazibika baada ya miaka 52 na miezi 10 hivi, akiwa anakaribia miaka 113. Nimeacha ugali wa usiku, nakunywa maji mengi, natembea asubuhi.

Wapambe wako husema unatutunzia fedha, tusije tukazimalizia kwenye bodaboda na ndoa mpya. Ajabu. Miaka yote hiyo niliaminiwa watoto wa watu, darasa limefurika hadi mlangoni, na hakuna aliyeuliza kama nitawapoteza.

Zamani fedha hizi tuliziita kiinua mgongo. Jina limebadilika, mgongo ni uleule. Nyumba yangu ya tofali za kuchoma imefika kwenye lenta ikagoma. Mama watoto amepanda maharage sebuleni, na yamestawi kweli kweli. Chumba cha wageni wamehamia mbuzi wa jirani, wala hawalipi kodi.

Karibu Kasulu ujionee. Utapikiwa ugali wa muhogo, na maharage tutachuma palepale ulipokaa. Ukija Novemba, njoo na mwavuli.

Wako katika sehemu na desimali,
Mwalimu Mstaafu