Mwongozo wa Mwanamume Anayezitafuta Nguvu Zake

Hatua ya kwanza: weka chini hicho kikombe cha supu ya pweza. Au kimalize kwanza, maana umeshalipa, na pweza mwenyewe hana ubaya. Ana protini nyingi na mafuta kidogo. Tatizo ni kile ulichomfuatia: nguvu za kiume. Jioni ikiingia Dar es Salaam, Kariakoo hadi Mbagala, wanaume wazima wanaizunguka meza ya pweza, vijiti mkononi, wanachovya vipande kwenye pilipili na kumnong'oneza muuzaji wakitaka kujua kama supu ya leo imekolea. Haohao ukiwaambia wakapime presha, kila mmoja ana haraka.

Sikiliza, kaka. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ina milimita 3 hadi 4. Mafuta yanapoanza kuganda ndani ya mishipa, na presha na sukari zinapoikakamaza, ule mwembamba ndio unaozidiwa mwanzo. Ndiyo maana mwanamume anaweza kuanza kushindwa chumbani miaka kadhaa kabla moyo haujamwangusha. Mwili umekuletea taarifa mapema, tena kwa lugha ambayo hakuna mwanamume asiyeielewa, nawe ukaenda kununua vumbi la Kongo, ule unga wa kuongeza nguvu!

Hilo vumbi huwezi kujua lina nini. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta dawa za namna hii, zinazouzwa kwa jina la mitishamba, zimetiwa kwa siri sildenafil, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akichanganya na sildenafil, presha yake inaweza kuporomoka hadi akafa. Liache.

Hatua ya pili ni kupima, na hapa nitakaa kidogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapima Watanzania wa miaka 25 hadi 64 na kukuta takriban 1 kati ya 4 ana presha ya juu. Usisubiri kichwa kiume. Presha hukaa kimya miaka na miaka huku inaharibu figo, moyo na ubongo. Na kupima kuna adabu zake. Mwanamume anaingia zahanati anatweta, ameshuka kwenye bodaboda sasa hivi, simu iko sikioni, anabishana Simba na Yanga, mkono wa shati umekunjwa mpaka unambana, kisha namba zikipanda anasema mashine mbovu. Kaa dakika 5. Egemeza mgongo, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na mdomo uufunge. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Ikisoma 140/90 au zaidi, rudi siku nyingine upime tena. Ikijirudia, una kazi ya kufanya na daktari.

Ukipewa vidonge, vimeze kila siku. Wengi humeza mwezi mmoja, presha ikashuka, wakatangaza wamepona. Vidonge ndivyo vilivyoishusha! Na ukihisi vinakupunguzia nguvu, mwambie daktari bila haya, zipo dawa nyingine. Kuacha kimyakimya ndiko kunakotuletea watu wa miaka 45 waliopooza upande mmoja.

Hatua ya tatu ni fupi. Azima futi kamba ya fundi cherehani upime tumbo. Namba ya suruali haitakusaidia, kwa sababu mkanda umeufunga chini ya kitambi, ndiyo maana unaapa bado unavaa 34 kama siku ya harusi yako. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi ukiwa umeshaitoa. Ikivuka sentimita 94, usikiite tena kitambi cha pesa. Hayo ni mafuta yaliyozunguka ini na utumbo, na yanafungua njia ya kisukari.

Sasa usikurupuke. Mwanamume wa mjini akishtuka, hula kiapo: kuanzia Jumatatu haonji wanga na anakimbia kilomita 10. Alhamisi yuko kwa muuza chipsi, anaongezewa yai. Philippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha mwaka 2010 utafiti kuhusu watu waliochagua jambo moja dogo na kulifunga kwenye jambo wanalolifanya kila siku, kwa mfano kula tunda pamoja na chakula cha mchana. Ilichukua wastani wa siku 66 mpaka jambo likawa mazoea. Kuna waliotumia 18, na kuna waliokadiriwa kuhitaji 254. Kukosa siku moja hakukuwaharibia. Kwa hiyo pilau la harusi la Jumamosi halikufukuzi safarini, Jumapili endelea.

Chagua moja tu. Ukipanda daladala, shuka mbali kidogo na kwako kila unaporudi. Dakika 30 za mwendo wa haraka, siku 5, zinatimiza zile 150 za wiki zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Au soda ya mchana igeuke maji, kwani chupa ya mililita 350 inabeba sukari karibu vijiko 9 vya chai. Au kwa mama ntilie, matembele yajaze nusu ya sahani kabla ugali haujafika, na ukiweza huo ugali uwe wa dona. Au kopo la chumvi lisikae mezani: kiasi cha siku nzima hakitakiwi kufika kijiko 1 cha chai, ikiwemo ile ya jikoni.

Kama umefika miaka 40, wiki hii isipite hujapima presha na sukari. Kama hujafika, kapime presha hivyohivyo, na umpeleke baba.