Bia Tano za Kumsindikiza Mbuzi Sultan Hamud, Kuanzia ya Mkia

Umeshuka Sultan Hamud, mji wa reli uliopewa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar. Chumba umelipia, mbuzi yuko motoni. Sheria ya vileo ya 2010 inafungua baa saa kumi na moja jioni siku za kazi na kuzifunga saa tano usiku, kwa hiyo tuna saa sita za kubishana: bia gani inamfaa mbuzi huyu? Dereva anayeendelea Mombasa usiku huu apewe soda ya Stoney Tangawizi, na rufaa hakuna.

5. Tusker baridi kupindukia
Jina limetokana na ndovu aliyemuua George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kampuni inayoipika, mwaka 1923. Historia nzito, lakini baridi ikizidi, mafuta ya mbuzi hugandia kinywani na ladha ya lager hupotea. Mhudumu akiuliza "baridi au moto?", msikilize mzee wa pale kona. Anaagiza moto, na anajua anachokunywa.
Hukumu: ya kiu, si ya nyama.

4. Stout
Uchungu wake wa nafaka iliyokaangwa unaelewana na ncha za mbavu zilizoungua kidogo. Ila usiiagize pamoja na muthokoi, ule mlo wa mahindi yaliyokobolewa.
Hukumu: hicho ni chakula cha usiku mara mbili.

3. Keg
Bia ya keg ya Senator ilizinduliwa 2004 ili kuwavuta watu kutoka pombe haramu. Mtama wake umewapa soko wakulima wa Kitui na Makueni, hasa aina ya gadam, inayokomaa upesi na kustahimili ukame. Kikombe ni cha plastiki, lakini jirani yako mezani huenda ndiye aliyelima kilichomo.
Hukumu: heshimu jirani.

2. Bia za viwanda vidogo vya Nairobi
Brew Bistro iliwazoesha wateja kuona bia ikipikwa pale pale wanapokula. 254 na Bateleur nao wakaingia uwanjani. Sultan Hamud usitarajie kuzikuta, beba zako. Beba ya ngano: ni laini, inaacha limau na dania ya kachumbari isikike. IPA iache. Uchungu wa hopsi ukikutana na pilipili, ulimi unawaka na mbuzi anasahaulika.
Hukumu: fedha, kwa ngano tu.

1. Uki
Asali, maji, na tunda la mwegea, lile refu kama soseji ambalo wengi wanaliita muratina. Tunda hukatwa, huchemshwa, hukaushwa juani, kisha hutumbukizwa kwenye maji ya asali na chombo huwekwa mahali penye joto. Hamira hubaki ndani ya nyuzi zake, kwa hiyo tunda hukaushwa tena na kungoja pombe ijayo. Kila mpishi na mkono wake. Utamu mkavu, uchachu kidogo, kisha chumvi ya mbuzi: hakuna kilicho juu ya hapo. Tatizo ni moja, uki wa kweli hupikwa kwa ajili ya mahari na vikao vya wazee, kwa hiyo tafuta mwaliko.
Hukumu: bingwa. Unayesema kinywaji cha asali ni divai, si bia, peleka kesi kwa wazee. Na ada ya kusikilizwa ni mbuzi.