Sakafu Haimo Kwenye Bei

Ukizitazama kwa makini video za hovabodi zinazorushwa na wauzaji wa Instagram na magrupu ya WhatsApp hapa Dar es Salaam, utaona kitu ambacho hakuna mteja anayekiulizia. Wote wanauliza bei, na wote wanajibiwa "njoo inbox". Wanauliza kama betri inakaa na chaji, kama kuna nyekundu, kama mzigo unafika Mbagala. Hakuna anayeuliza ile sakafu ni ya wapi, na ile sakafu ndiyo inayofanya kazi yote. Ni vigae vyeupe vilivyopigwa deki vikang'aa, havina ufa wala mchanga, na juu yake kijana mwenye raba mpya anateleza mikono mfukoni, anageuka, anarudi, anatabasamu. Hoja yangu ni fupi, ingawa nitaieleza kwa kirefu kwa sababu kuna watu wamepoteza hela: mnunuzi wa Tegeta, Bunju, Chamazi au Buza mara nyingi hadanganywi kuhusu chombo. Chombo anakipata, tena na boksi lake. Anachokosa ni sakafu, maana sakafu haimo kwenye bei, na muuzaji hakusema popote kwamba imo.

Hovabodi ni kibao chenye magurudumu mawili yaliyokaa kushoto na kulia badala ya mbele na nyuma. Kila gurudumu lina mota yake, na chini ya kila unyayo kuna jairoskopu inayopima umeinama kiasi gani. Ukiinama mbele, mota zinayakimbiza magurudumu yawahi kukaa chini yako kabla hujaanguka. Ni kanuni ya mtoto anayesimamisha ufagio kiganjani na kuufuata kila unakoelekea. Kwa hiyo chombo hakimzuii mtu kuanguka. Kazi yake ni kukimbizana na anguko lake na kulishinda kila punje ya sekunde, mradi magurudumu yapate njia. Yakikwama kidogo tu kwenye kokoto, mfuniko wa chemba au kokwa la embe, kibao kinasimama na mwenye kibao anaendelea na safari. Tena kwa aina zilizoenea zaidi, gurudumu lina kipenyo cha inchi 6.5, na nafasi kati ya tumbo la chombo na ardhi ni kama sentimita 3. Sentimita 3! Pale Mtoni Kijichi shimo la kina hicho halijafikia hadhi ya kuitwa shimo. Diwani hawezi hata kuahidi kuliziba.

Anayedhani natia chumvi akumbuke mashindano ya dunia ya riadha ya Beijing, Agosti 2015, yale ambayo Kenya iliongoza dunia nzima kwenye jedwali la medali. Usain Bolt alikuwa ametoka kushinda mita 200, anatembea taratibu akipungia watu mkono. Nyuma yake alikuja mpiga picha wa televisheni akiwa juu ya Segway, mashine ya Mmarekani Dean Kamen iliyozinduliwa 2001, ambayo ndiyo babu wa hovabodi zote hizi, ila yenyewe ina mpini wa kushika na magurudumu makubwa. Gurudumu likagonga reli ndogo iliyolazwa kando ya njia. Mpiga picha akaruka, Segway ikaruka, Bolt akakatwa miguu kwa nyuma akaenda chini. Bahati nzuri hakuumia sana. Lakini upime ushahidi huo: mtu aliyezoea kazi, mashine ya bei mbaya, uwanja uliosawazishwa kwa ajili ya dunia nzima kuutazama, na kilichohitajika ni kipande kimoja cha chuma. Binadamu mwenye mbio kuliko wote hakuweza kuikimbia. Miezi minne baadaye Mike Tyson, mtu ambaye mabondia wengi walishindwa kumwangusha, aliangushwa na hovabodi ndani ya nyumba, na video akairusha mwenyewe. Hao wote walikuwa na sakafu.

Sasa huku kwetu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wao wanaishi sehemu ambako utaratibu wa ujenzi unajulikana: mtu ananunua kiwanja, anajenga, anahamia, anaweka geti, halafu ndipo barabara inaanza kutafutwa. Upande wa Temeke, kuanzia Mbagala kwenda Chamazi, ardhi ni mchanga, na mchanga una tabia ya kumeza gurudumu dogo. Mota zinahangaika, taa inawaka nyekundu, chombo kinalia pii-pii kisha kinazima. Upande wa Kinondoni ukipanda Wazo au ukiingia ndani ya Bunju, kuna vumbi kiangazi, makorongo wakati wa masika, na mawe ambayo fundi wa jirani aliyamwaga njiani mwaka juzi akaahidi kuyatoa. Kwa hiyo mwenye hovabodi anakibeba chombo chake kwapani. Kina uzito wa kilo 10 hivi, hakina mpini wala kamba, na watoto wa mtaa mzima wanamfuata nyuma wakisubiri apande. Ukipiga hesabu ya safari nzima, mara nyingi chombo ndicho kilichopanda mtu.

Tusiwatukane wanunuzi, maana hesabu yao ni safi kuliko bajeti nyingi. Mtu anashuka stendi, nyumbani ni ndani kilomita moja na nusu, bodaboda inataka elfu moja kwenda na elfu moja kurudi. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni shilingi 52,000 kila mwezi. Betri ya kawaida ya hovabodi ni ya volti 36 na inabeba kama watisaa 158, yaani kuijaza ni takribani sehemu moja ya sita ya uniti moja ya LUKU, pesa isiyofika bei ya andazi. Kila tarakimu hapo ni sahihi. Profesa wa uchumi asingepata pa kuweka kalamu nyekundu. Kilichokosekana ni mstari mmoja tu, ule wa ardhi.

Wapo watakaosema barabara zinajengwa, na kweli zinajengwa. Mradi wa DMDP, kwa fedha za Benki ya Dunia, tangu 2015 umeweka lami, taa na mifereji kwenye mitaa ya Kinondoni, Ilala na Temeke ambayo zamani ilipitika kwa viatu vya mvua tu. Hongera zao. Tatizo ni kwamba lami ikifika, haifiki peke yake. Inakuja na daladala, bajaji, bodaboda zenye mishikaki, na toyo iliyobeba mabati yaliyochomoza nyuma mita mbili. Katikati ya msafara huo anaingia mtu wa kilomita 10 kwa saa, hana honi wala breki ya mkono, na ili apunguze mwendo inabidi aegemee nyuma kwa utulivu, jambo gumu sana ukisikia konda anakutukana. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, miaka 28 kabla Kamen hajaonesha mashine yake, kwa hiyo trafiki akikukamata mtabaki kutazamana. Hata Waingereza, watu wa njia za miguu na vivuko vyenye taa, walipovamiwa na hovabodi mwaka 2015 waliamua kwamba barabarani haziruhusiwi, na za kwenye njia ya miguu wakazifukulia sheria ya mwaka 1835.

Pingamizi linalonitoa jasho kidogo ni la wazazi: hatukununua kwa ajili ya barabara, tumemnunulia mtoto achezee sebuleni, na sebule ina vigae. Hapo nakubali, sakafu ipo. Kinachobaki ni kwamba mtoto anacheza saa moja, na saa zilizobaki chombo kinakaa kwenye soketi nyuma ya kochi. Mwishoni mwa 2015 wakaguzi wa Uingereza walitangaza kwamba kati ya hovabodi zaidi ya 17,000 walizozikagua, zaidi ya 15,000 hazikuwa salama: plagi, waya, chaja, betri. Nyingi zilikuwa na plagi isiyo na fyuzi, na plagi yao ni ileile ya pini tatu bapa tunayotumia sisi. Julai 2016 Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani ikatangaza kurudishwa kwa hovabodi zaidi ya 500,000 baada ya kupokea taarifa 99 za betri zilizopata moto kupita kiasi, kutoa cheche, kuungua au kulipuka. Wakati huo kipimo cha usalama kiitwacho UL 2272 kilikuwa kimeshatoka, na zilizotengenezwa kwa kipimo hicho zimetulia kiasi. Muulize muuzaji wa mtandaoni kama mzigo wake una UL 2272. Nakuhakikishia atajibu, kwa sababu wauzaji hawa wanajibu kila kitu. Atakujibu: "Ipo boss, na nyeusi ipo."

Hapo tunaingia kwenye sakafu ya aina nyingine, ile isiyoonekana, ambayo biashara yenyewe husimama juu yake. Mnunuzi wa London aliyeuziwa kibao kibovu alikuwa na duka la kurudishia, na hata duka la mtandaoni lilimtumia ujumbe kwamba kitu alichonunua ni hatari na hela yake inarudi. Huku, duka kubwa la mtandaoni tulilolizoea, Jumia, lilifunga biashara Tanzania mwezi Novemba 2019, na soko likabaki mikononi mwa kurasa zenye maua, jina la binti, na anwani isemayo "Tupo Kariakoo". Kariakoo ipi? Ile yenye Msimbazi, Aggrey, Likoma, Narung'ombe na Mchikichi, na kila ghorofa lina maduka kama magari ya msibani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe kwa jina na anwani. TBS, watu wa viwango, wapo; Tume ya Ushindani ipo. Lakini malalamiko yanahitaji mtu wa kulalamikiwa, na mtu wako ni picha ya mviringo yenye maneno "Mungu ni mwema", iliyokublock.

Wengine wataniambia hao ni matapeli na nimewapaka mafuta. Sivyo. Tapeli wa kweli ni yule anayetaka pesa yote kwanza "na ya kutolea", kisha anazima simu. Ni ndugu wa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wametupa namba 15040 ya kuwaripoti. Huyo hauzi hovabodi, kwa hiyo hanihusu. Anayenihusu ni muuzaji mwaminifu, na ndiye anayeniumiza kichwa zaidi. Alisema magurudumu mawili, ni mawili. Alisema ina bluetooth na spika, kweli inaimba. Alisema utalipia mzigo ukifika, na bodaboda wake alizunguka Yombo nzima akielekezwa "ukifika kwenye mwembe uliokatwa, kata kushoto" mpaka akafika. Utamshtaki kwa lipi? Hakuna hakimu wa Temeke atakayempa mtu hukumu dhidi ya mchanga.

Kuna wapenda maendeleo wanaosema nachukia umeme wa magurudumu. Hapana. Pikipiki za umeme zimeanza kubeba abiria Kigali, Nairobi na hapa Dar, na sioni ajabu, kwa sababu zina gurudumu la inchi 17 au 18 na mtu anayelipwa kuhakikisha betri nzima inapatikana. Baiskeli ya Phoenix nayo ilitoka China kama hovabodi, ikaitawala nchi hii miongo mingi, mizigo ya mkaa na matenga ya nyanya juu yake. Haikutawala kwa urembo. Ilikuja kwenye ardhi mbaya ikiwa imejiandaa kwa ardhi mbaya, na chini ya kila mwarobaini palikuwa na mzee mwenye pampu, solusheni na spoku. Hovabodi ikigoma, mzee huyo anaizungusha mikononi, anatafuta pa kuanzia, kisha anakuomba umwachie mpaka Jumamosi. Kijana wa simu pale Tandika ataifungua kweli, na ataifunga pia, isipokuwa skrubu tatu.

Kwa hiyo chombo kinarudi mtandaoni kilikotoka. Matangazo hayo nayo yana lugha yao: imetumika mara mbili tu, haina mkwaruzo, chaja yake ipo, sababu ya kuuza nasafiri. Kwa wingi wa matangazo hayo, wakazi wa Goba na Chamazi ni wasafiri kuliko mabaharia wa Zanzibar, na wote wanaondoka ghafla, kwenda kusikojulikana, wakiacha nyuma kitu kimoja tu kati ya mali zao zote. Tangazo halijamaliza hata dakika kumi, na chini yake mtu wa Kijichi ameshauliza: "Mwisho shilingi ngapi?"